Pepe Alivyopakwa Mafuta Akapanda Ndege

Jumamosi iliyopita Mama alinipigia simu akilia. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kunitoa kwenye kochi langu wikendi lazima kuwe na moto au maiti. Nikakaa wima.

"Mama, ni nani?"

Akavuta kamasi kwanza. "Ni Pepe," akasema. "Pepe ametuacha."

Ametuacha. Sisi. Kana kwamba Pepe alikuwa mjomba fulani huko mashambani tuliyekuwa tukimpelekea sukari. Nikampa pole, maana nililelewa vizuri, nikamwambia naja. Halafu nikaenda jikoni kunawa mikono. Sikuwa nimeshika kitu. Lakini hilo jina, hata likipita kwa simu tu, huniachia kitu kwenye vidole: unyevunyevu, manyoya membamba yanayonata, na harufu ya nyasi kavu iliyochanganyika na mkojo na sabuni ya kipande. Kuna wenzangu wa rika langu ambao utoto wao huwarudia kwa harufu ya mkate moto au ya vumbi likinyeshewa. Hongera kwao. Mimi niligawiwa hii.

Nianze pale ambapo Pepe alikuwa bado ni mtu.

Tulikaa Shauri Moyo, Nairobi, mimi na Shosho, mama yake Mama, chumba kimoja na kibaraza chake, choo na mfereji vya kushirikiana na laini nzima ya vyumba. Mama alifanya kazi ya nyumba kwa Wazungu, Madam na mumewe na binti yao, upande ule mwingine wa mji, ule wenye miti, na alilala huko huko. Sisi tulipata Jumapili yake. Alikuwa akifika baada ya kanisa, anavua viatu, anaweka miguu juu ya stuli, Shosho anammiminia chai, na hapo hadithi zinaanza. Hadithi zote zilikuwa za Pepe. Pepe wiki hii amekataa kula. Pepe anapenda zabibu kavu, lakini umpe moja tu, ya pili inamharibu tumbo. Pepe hataki kelele. Pepe amemng'ata yule msichana wa Madam kidole, ila si kwa ubaya. Na nywele za Pepe, wewe, ni laini mpaka kidole kinazama usikione.

Nikajua ni mtoto. Ningejua nini kingine? Msichana wa Madam alikuwa na jina lake, kwa hivyo Pepe nikamfanya mdogo wake. Nilimtengeneza kichwani vizuri sana: mvulana mnenemnene, nywele rangi ya mahindi, mashavu mekundu, amelala kwenye kitanda chenye vizuizi akingoja kubembelezwa na mama yangu. Siku moja nikauliza Pepe yuko darasa la ngapi. Mama alicheka mpaka chai ikampalia.

"Pepe? Shule? Pepe analala mchana kutwa."

Nikaelewa kwamba matajiri ndivyo walivyo, hata kusoma hawasomi. Nikazidi kumchukia. Nilipougua surua Mama alikuja Jumapili kama kawaida akarudi jioni kama kawaida. Pepe alipoharisha, Mama hakuja kabisa.

Halafu wale Wazungu wakahama. Kazi ya mume wa Madam ilikuwa imekwisha, wakarudi kwao, nchi ya baridi. Siku hiyo Mama alimpigia Shosho simu, na simu ya Shosho ilikuwa ile ya kusikika nusu nusu, unapanda juu ya jiwe la kufulia ndipo inashika. Kilichotufikia kilikuwa hiki: Madam na wenzake wameondoka, Pepe hakuweza kupanda nao, Mama anakuja naye nyumbani, atakaa na sisi mpaka apate ndege.

Shosho akashuka kwenye jiwe amekasirika. "Wazazi gani hao? Mtu anaachaje mtoto kama mwavuli?"

Lakini mgeni ni mgeni. Shosho alifua mashuka. Alinunua mkate na siagi, vitu vya Krismasi. Mimi nikavalishwa gauni la kanisa na kupakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa. Jirani yetu Mama Rehema, mwanamke wa Majengo aliyeolewa laini yetu na aliyejulikana kwa mahamri yake, alikuja na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, akakaa kwenye kibaraza chetu kumngojea mtoto wa Kizungu.

Mama akashuka kwenye teksi akiwa amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa shuka. Nikachungulia nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Pepe yuko wapi?" nikauliza.

"Si huyu," Mama akasema, akatoa shuka.

Kilikuwa kizimba cha waya. Ndani yake alikaa panya. Panya wa rangi ya majivu, mkubwa kama kiatu cha askari, masikio mapana yasiyo na nywele, masharubu marefu, mkia kama brashi ya chupa. Akafungua mdomo kidogo. Meno yalikuwa rangi ya machungwa, meno ya mzee aliyevuta sigara maisha yake yote. Akanitazama mimi na gauni langu la kanisa.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwonea wivu panya.

Hapo inafaa mjue Shosho na panya walikuwaje. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na soko la Burma, na Burma ni nyama, na palipo na nyama pana mifupa. Panya walikula huko na kulala kwetu. Shosho alikuwa na mtego, alikuwa na dawa, alikuwa na paka ambaye hakumwamini, na zaidi ya vyote alikuwa na slipa ya mguu wa kulia, ambayo laini nzima ilijua haijawahi kukosa. Sasa aliivua polepole.

"Wangari," akamwambia Mama, "rudisha hiyo kitu ulikoitoa."

"Mama, si panya. Ni chinchila. Wanatoka milimani, mbali, Amerika ya kusini huko."

"Hata hawa wangu wanatoka mbali. Wanatoka Burma."

Mama Rehema alikuwa amesimama. "Mimi nilikuja kumwona Mzungu," akasema kwa upole. "Hii hata jina lake sitaki kulijua, mwanangu." Akafunika sahani yake ya mahamri, akarudi nayo kwake. Hilo ndilo lililoniuma zaidi siku ile.

Mama alitukalisha akatueleza. Ndege hazimchukui mnyama wa namna hii wakati wa joto, na vibali vyake bado vilikuwa kwa daktari wa mifugo. Atakaa nasi majuma machache. Na kuna rafiki ya Madam, barabara ile ile yenye miti, anayetaka mtu wa kazi. Madam amesema atamsemea Mama neno zuri, Pepe akishafika salama.

Shosho akafikiria. "Kwa hivyo kazi yako imening'inia kwa mkia wa panya."

"Chinchila, Mama."

"Mkia ni mkia."

Slipa ikarudi mguuni, na Pepe akawa mwenyeji.

Sasa nieleze uchafu wake, na mwenye chai aiweke kando. Pepe alikunya bila kukoma, punje kavu ndogo kama mchele mweusi. Akitembea anakunya, akila anakunya, na zikirukia nje ya kizimba zinaingia kwenye viatu, kwenye vitabu, mara moja kwenye sufuria ya githeri. Hayo ni madogo. Kuna wakati alijikunja, akaingiza kichwa kati ya miguu, akatoka na kitu mdomoni akitafuna kwa utulivu. Nikamwita Mama nikidhani anajila. Mama akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba ni mavi yake mwenyewe, yale laini, na daktari amesema yana manufaa. Sikula chakula cha jioni. Nilipomwona Mama akimpa zabibu kavu kwa kidole baada ya kazi hiyo, halafu kwa kidole kile kile akanifuta maziwa mdomoni, sikula hata cha asubuhi.

Mkojo je? Akikasirika alisimama kwa miguu ya nyuma akakurushia, na alikuwa na shabaha. Alimpata Shosho kwenye kitambaa kipya cha kichwa, kile cha umoja wa kina mama wa kanisa. Shosho alisimama pale akidondokwa, akasema taratibu, "Wangari, mimi nimezika mume. Nimelea watoto. Sasa nakojolewa."

Lakini lililonichukiza kuliko mkojo ni jinsi Mama alivyompapasa. Alikuwa na namna yake: vidole viwili kutoka shingoni kushuka mgongoni, polepole, mpaka mwanzo wa mkia, kisha anarudi na kuzungusha kidole nyuma ya sikio. Pepe alifumba macho. Mimi niliketi pembeni nikiwaangalia. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu Mama kukaa nyumbani siku zote za wiki, na nilikuwa nimejipangia mambo mengi. Kichwani kwangu mikono yake ilijua kitu kimoja tu, chanuo. Alinisuka akivuta mpaka macho yakapanda, ananiambia nitulie. Nilikuwa mtoto wa kupendwa kwa bidii, haraka haraka, kabla basi la jioni halijaja.

Tena kulikuwa na hili joto. Chumba chetu kilikuwa cha paa la mabati, saa nane mchana unaweza kukaangia yai hewani. Pepe alizaliwa na koti la baridi asiloweza kuvua. Joto likizidi, Mama alisema, masikio yanakuwa mekundu, analala ubavu, anakufa. Hatukuwa na friji. Mama akaongea na mwuza nyama mmoja wa Burma, akakubali kutugandishia chupa za maji kwenye friza yake, na aliyepewa kazi ya kuzichukua ni mimi.

Chupa hizo zililala na matumbo. Zilitoka zimeshikwa na barafu ya rangi ya waridi, pengine na unywele wa mbuzi ndani yake, na zilinuka vile utumbo hunuka kabla ya ndimu. Nilizibeba kifuani maana mikono iliganda. Nikivuka barabara zinaanza kuyeyuka, maji ya damu yananiingia ndani ya nguo.

"Wewe, kwenu kuna mgonjwa?" wanawake wa mboga wakaniuliza.

"Ni za Pepe."

"Pepe ni nani?"

"Ni mgeni."

Nilikuwa na hadhi ya kulinda.

Na hapo ndipo nilipoanza kujichanganya. Nilitaka Pepe aondoke leo, saa hii, arushwe hata kwa manati. Lakini nilikuwa nimesikia vizuri: Pepe akipanda ndege, Mama anarudi kule kwenye miti. Kwa hivyo kila asubuhi niliamka nikachungulia kizimba nikitamani awe amekwenda, na nikimkuta bado yupo, namwongezea nyasi. Nilimchukia nikimwombea akae.

Mvua zikaja, kukapoa. Vibali vikapatikana. Mama akaleta sanduku la mbao lenye matundu ya wavu, na siku ya safari asubuhi akaondoka kwenda kuchukua cheti cha mwisho kwa daktari. Akatuachia agizo moja: Pepe asisumbuliwe.

Mimi nakubali kwamba agizo halikuwa wazi. Kwa Shosho, kuoga si usumbufu.

Hakuna mtu aliyewahi kusafiri kutoka nyumba ya Shosho akiwa mchafu. Mjomba wangu alipoenda jeshini, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliogeshwa asubuhi hiyo kwenye kibaraza na kupakwa mafuta usoni. Mimi hata kupelekwa zahanati nina homa, nilisuguliwa kwanza. Mtu akifika kwa watu anang'aa, wanajua ametoka kwa watu. Shosho alisimama mbele ya kizimba, mikono kiunoni, akamtazama Pepe kwa muda.

"Kairitu," akaniita, yaani kasichana, "leta karai."

"Shosho, Mama amesema—"

"Huyu anaenda Ulaya. Unataka waseme ametoka kwa wachafu? Leta karai. Na uchemshe maji kidogo, asishtuke."

Karai lilikuwa langu, lile la kuogea. Shosho alimtoa Pepe kwa kumshika kama kuku. Akamzamisha. Sijawahi kusikia sauti kama ile kabla wala baadaye. Ilikuwa kama mlango wa chuma ukifunguliwa ndani ya kichwa changu. Shosho alimsugua kwa sabuni ya kipande, mgongo, tumbo, kwapa, akimsemesha vile alivyonisemesha mimi: "Tulia, tulia, unalilia nini na bado mkia." Manyoya yakaanza kutoka, mafungu mafungu, yakaelea juu ya povu, yakanata kwenye mikono ya Shosho mpaka kwenye viwiko. Maji yakawa kama uji wa wimbi. Na kadiri manyoya yalivyolowa, Pepe alizidi kupungua. Yule mkubwa kama kiatu akawa kama ndala, akawa kama soksi. Aliyetoka kwenye karai alikuwa ni kitu kirefu chembamba cha kijivu kinachotetemeka, chenye macho mawili na meno ya machungwa. Nilitapika kando ya mfereji.

Niliporudi Shosho alikuwa anamalizia kumpaka mafuta ya mgando. Masikio, miguu, mkia, na kidogo mgongoni ili nywele zilale. Akamweka juani kwenye gunia.

"Umeona?" akasema. "Sasa anafanana na mtu."

Mama aliingia na bahasha mkononi. Akasimama. Akaangalia karai, akaangalia gunia. Akakaa chini pale pale kwenye kibaraza, na suti yake ya kanisa.

"Mama," akasema, "umemwosha."

"Si anasafiri?"

"Hawa hawaogi maji. Wanaoga vumbi. Wakilowa hawakauki. Wanashikwa na baridi ndani, wanakufa." Aliongea bila kupandisha sauti, akitazama mbele tu. "Na jioni daktari wa eapoti ataangalia. Akikuta ana maji hampitishi. Na akikaa hapa leo na kesho hivi alivyo, hafiki kesho kutwa."

Shosho akachukua kopo la mafuta, akalifunika, akalifunua tena. "Kwa hivyo nimeua kazi yako," akasema mwishowe.

Aliyetuokoa ni Mama Rehema. Alikuwa amesikia ile sauti kutoka nyumbani kwake, akaja huku amejifunika leso puani. Alimtazama Pepe, akamtazama Shosho. "Mafuta hutolewa kwa unga," akasema. "Mimi hushika mafuta kila siku. Lakini mimi sigusi."

Akatuchungia unga wa mahindi kwa kitambaa chembamba, ule laini kabisa, akausukuma ukiwa kwenye sinia, kutoka mbali, kwa mguu. Mama alimfuta Pepe kwa mashuka yote ya mgeni, halafu akamgaragaza kwenye unga, akamkung'uta, akamgaragaza tena. Unga ulinyonya mafuta ukawa madonge, Mama akayachambua moja moja kwa vidole vyake. Pepe alionekana kama samaki anayengojea karai la moto. Mwisho akamtia kwenye bati lake la kuogea vumbi, alilokuja nalo. Mchana ukapita hivyo. Tulipoondoka, kwa pikapu ya shemeji yake Mama Rehema, Shosho hakutoka nje kutuaga.

Ofisi ya mizigo kule eapoti ilikuwa na kaunta ndefu na benchi la chuma. Kijana wa kaunta alichungulia ndani ya sanduku.

"Niaje mathe. Hii ni nini tunasafirisha?"

"Chinchila," Mama akasema.

"Mathe, hii ni panya."

"Iko kwa karatasi. Soma."

Akasoma. Akachungulia tena. "Na mbona iko na unga?"

"Kwao hawaogi maji. Wanaoga hivyo."

"Kwao wanaoga ugali?" Akaita wenzake waje waone. "Manze, mimi niko hapa miaka yote sijapanda ndege, na panya imejipaka poda inaenda majuu, Ulaya."

Daktari alikuwa mwanamke mwenye glavu. Yeye hakucheka. Akamgeuza Pepe, akapenyeza kidole kwenye manyoya mpaka ngozini, akasimama kwenye kwapa.

"Huyu ana unyevu huku chini. Sipitishi mnyama mwenye maji, atagandia njiani." Akamwangalia Mama, nadhani akaona uso wake. "Bado kuna muda kidogo kabla hawajafunga. Akikauka, mniite."

Tukaenda kwenye benchi. Mama akamchukua Pepe mikononi, kisha akaacha. "Mikono yangu imekuwa barafu," akasema. Akanigeukia. Shosho alikuwa na msemo kwamba kulala na mimi ni kulala na jiko. "Wairimu, fungua sweta. Lete tumbo."

Sikumbuki nikikubali. Nakumbuka sweta likifunguliwa na kitu kile kikiwekwa kwenye ngozi yangu. Kilikuwa baridi na chenye nta, na unga ulikuwa umegeuka ute. Kucha ndogo zikanishika. Nilihisi masharubu yakitembea kwenye kitovu changu, halafu meno, yakionja. Moyo wake ulikuwa hauwezi kuhesabika, ulikuwa mtetemo tu, kama simu iliyozimwa sauti. Halafu akanikojolea. Kitu cha moto kikashuka mpaka ndani ya suruali yangu ya ndani, na nikakaa.

Nilijua nimeshika nini. Akikauka, Mama anaondoka. Asipokauka, Mama anabaki nyumbani, hana kazi, lakini yupo. Ningeweza kulegeza sweta kidogo tu, mlango ulikuwa wazi na upepo unaingia. Nikamtazama Mama. Midomo yake ilikuwa inaomba bila sauti, na kidole chake gumba kilikuwa kinakunja na kukunjua ncha ya ile bahasha. Nikambana Pepe zaidi. Nilimbana kwa tumbo langu lote.

Mama akaleta mkono. Akauingiza ndani ya sweta, akaanza kumsugua, vidole viwili, kutoka shingoni kushuka polepole. Kule ndani kulikuwa finyu. Vidole vikimaliza mgongo wa Pepe vinapita kwenye mbavu zangu, vinazunguka, vinarudi. Mgongo wake, mbavu zangu. Baada ya muda sikujua tena anampapasa nani, na nadhani hata yeye hakujua. Nilifumba macho.

Daktari aliporudi akapenyeza kidole, akapenyeza tena. "Sawa," akasema. Kijana wa kaunta akabandika karatasi yenye picha ya mnyama, akagonga sanduku kidogo kwa kidole. "Haya, bazenga, bosi mkubwa. Usalimie baridi." Sanduku likapita nyuma ya pazia la mpira. Mama akapumua kwa nguvu, akanitazama, akanifungia sweta kifungo kwa kifungo mpaka kidevuni. Tumbo langu lilikuwa limeanza kupoa.

Pepe alifika. Madam alipiga simu: ana afya, mapengo mawili matatu ya manyoya, ila alikuwa na swali moja kuhusu harufu. Mama akamwambia ni ya safari. Jumatatu Mama akaondoka kwenda kazi mpya. Shosho alimngoja mlangoni na kopo la mafuta. Mama akainamisha uso bila kuambiwa, akapakwa, akaenda aking'aa. Jioni ile Shosho alinitengea maji ya kuoga kwenye lile karai. Alikuwa amelisugua kwa maji ya moto mara mbili. Hata hivyo nilipoinama niliona unywele mmoja wa kijivu umelala kwenye ukingo, nikakataa kuoga, na hakuna aliyenisikiliza.

Basi Jumamosi niliinuka kochini nikaenda matanga ya panya. Mama siku hizi amestaafu, anakaa Umoja, mitaa miwili kutoka kwangu; Shosho tulishamzika, akiwa msafi, mafuta yakiwa usoni. Mama alikuwa ametengeneza chai kabisa, na mkate, na amejifunga leso kiunoni kama mtu mwenye msiba. Nikakaa karibu naye. Akanionyesha simu.

Ilikuwa picha kutoka kwa yule msichana wa Madam, ambaye sasa ni mwanamke mzima. Pepe alikuwa mzee, amekonda, amelala kwenye kitambaa. Masikio yalikuwa yanang'aa. Chini yake aliandika kwamba Pepe aliishi mno, hata daktari alishangaa, na kwamba kila Jumapili tangu afike alikuwa akimpaka mafuta kidogo masikioni, kwa sababu ndivyo alivyofika kutoka Nairobi na akajua ndivyo anavyotunzwa.

"Shosho angeona," Mama akasema, akacheka, akalia tena.

Nikampa pole kwa mara ya pili. Nilikuwa naangalia yale meno. Mama aliendelea kutazama picha, na mkono wake mwingine, bila yeye kujua, ukaja juu ya mkono wangu uliokuwa mezani. Vidole viwili, kutoka kiwikoni kushuka polepole, vikazunguka kwenye kifundo, vikarudi juu.

Chai yangu ikapoa. Sikuutoa mkono. Niliunawa nilipofika nyumbani.